Utetezi wa Mpira wa Masika

Iko kauli iliyozoeleka mno katika mabaraza yetu, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kibiti mjini hadi gatini Nyamisati ambako abiria wa Mafia hungojea boti, hata sasa hutamkwa na watu wazima wenye akili zao kama kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa na isiyo na rufani: kwamba mvua na mpira ni mahasimu wasiopatanishika, kwamba wingu la masika likitanda juu ya mikorosho yafaa nyavu zifunguliwe, mwamuzi arejee kwao, na vijana wangoje hadi kipupwe, na kwamba mtu anayecheza kandanda, au anayesimama kuitazama, huku maji yakimchuruzika kisogoni, ni mtu aliyepungukiwa na busara. Nimeisikiliza kauli hii kwa adabu, kwa kuwa wengi wa wanaoisema ni wakubwa wangu kwa umri, na nimezipima hoja zake kadiri ya uwezo wangu; na kwa idhini yao nasema kwamba ni kauli batili, na kwamba mahali ambapo ubatili wake una madhara kuliko pote ni hapa hapa kwetu, katika nchi iliyoumbwa na maji.

Hesabu ya majira ni bayana kwa kila mkaa pwani. Masika hushika Machi, Aprili na Mei. Vuli hurejea kati ya Oktoba na Disemba. Ukiufunga mpira kwa ajili ya masika, kisha ukaufunga tena kwa ajili ya vuli, umekwisha kuunyang'anya karibu nusu ya mwaka. Na katika nusu iliyobaki kuna uvunaji wa mpunga, kuna kilimo cha mlau kinachoanza maji yanapoondoka bondeni, na kuna Ramadhani ambayo huzunguka miezi yote ya jua na mvua bila kumngoja mtu. Kijana wa Bungu au wa Ruaruke atacheza lini? Wenye viwanja vya majani ya kumwagiliwa na taa za usiku wanaweza kuchagua siku zao. Asiye navyo, akiambiwa angoje hali njema ya hewa, ameambiwa kwa lugha ya upole asicheze.

Kosa la msingi la wenzetu ni kuhukumu kwa mkupuo mmoja mambo manne ambayo hayana nasaba: mvua inayonyesha, mafuriko yanayofika, radi inayopiga, na uwanja usioweza kunywa maji. Picha ya nyumba zilizozama bondeni hutumiwa kuwa hoja ya kuvunja mchezo kwenye mwinuko ambako hakuna hata kidimbwi. Na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa maana asiyeujua Mto Rufiji hawezi kuyatenga mambo haya.

Mto huu haujazwi na mvua ya Kibiti. Maji yake hutoka mbali: Kilombero huyakusanya kutoka milima ya Udzungwa na nchi ya Mahenge; Ruaha Mkuu huanzia nyanda za juu za Mbeya na Iringa; Luwegu huyaleta kutoka kusini; na yote hayo hukutana na kupita katika korongo ambalo sasa limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, ndipo yashuke kwetu na kugawanyika katika mikono ya delta, katikati ya mikoko, hadi baharini. Kwa hiyo yawezekana anga ya Muhoro ikawa nyeupe na jua likawaka, ilhali maji yamepanda usiku kucha hadi yakaingia uani. Na yawezekana kinyume chake, mvua ikanyesha Bungu tangu alfajiri hadi adhuhuri bila ya mto kuongezeka hata shibiri moja. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti na kuwaondoa watu makwao, yalikuwa msiba, na wala simo katika wanaotaka mtu acheze mpira penye msiba. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia. Siku kama ile hakuna mwenye haki ya kumwita kijana uwanjani, na mwenye chombo hakifungui kamba. Kuhusu bwawa na mafuriko, mjadala wake ni mpana na una watu wake, nami siuingii. Ninachokataa ni kwamba msiba wa bonde ufanywe sheria ya mwinuko, na msiba wa mwaka mmoja ufanywe kalenda ya miaka yote.

Tena mtazamo huu wa kuyaona maji ya Rufiji kuwa balaa tupu si wa jana. Wazee wetu walikaa bondeni, wakajenga madungu juu ya nguzo ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, wakayapokea mafuriko ya wastani kama mgeni aletaye rutuba, kwa maana tope linaloachwa na mto ndilo lililoilisha nchi hii bila mbolea ya dukani. Na maji yalipoondoka wakapanda mahindi ya mlau katika unyevu uliobaki. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 Serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kuwapeleka katika vijiji vya miinuko, kwa nia ambayo sitaisingizia ubaya. Walakini wakulima wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa kuwa chakula chao kilikuwa kule, na aliyeyatazama maji kwa jicho la hofu peke yake hakuwa ameiona hesabu nzima. Nawasikia wanaoufunga mpira kwa sababu ya wingu wakisema kwa sauti ile ile: wanaiona hasara ya maji, na faida yake hawaioni, japo imo nyayoni mwao.

Faida hiyo ni hii. Ardhi ya miinuko ya Kibiti ni ya kichanga. Ndiyo maana mikorosho imestawi humo. Mchanga wakati wa kiangazi huwa tifutifu: humeza mguu wa mchezaji hadi kifundoni, hukwamisha pasi ya chini kabla haijafika nusu ya safari yake, humpofusha mlinda mlango kwa vumbi, na humchosha kijana kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Mvua ikinyesha, mchanga huo hushikana. Maji hayatuami, bali hupenya chini. Uso wa uwanja huwa mgumu kiasi, mpira hudunda vizuri na kuteleza mbele, na mchezo wa pasi fupi, ambao kiangazi ni taabu tupu, huwezekana. Kila aliyecheza mpira wa mchangani analijua jambo hili kwa miguu yake, hasa aliyecheza peku. Na mtu huyo huyo, akiisha kuwa mtu mzima na kuketi barazani, hulisahau na kuanza kusema kwamba mvua huharibu uwanja. Mvua huharibu uwanja wa udongo wa mfinyanzi. Huko, nakiri bila kusita, mchezo mmoja wa masika huweza kuuacha uwanja na mashimo ambayo yatakauka na kuwa magumu kama vigae na kuvunja vifundo vya miguu hadi mwaka wa pili. Uwanja wa namna hiyo ufungwe, tena ufungwe mapema. Lakini tuufunge kwa sababu ya udongo wake, tusiufunge kwa sababu ya wingu.

Wanaotaka ushahidi mkubwa kuliko uwanja wa kijiji, wautazame mwaka 2025. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa mabao 2 kwa 0 na RS Berkane kule Morocco, na mchezo wa marudiano ulitarajiwa kuchezwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. CAF iliuhamisha mchezo huo hadi Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya sehemu ya kuchezea baada ya mvua nyingi. Maneno yaliyotembea mijini na vijijini yakawa kwamba mvua imetunyima fainali yetu. Lakini Unguja iko wapi? Iko chini ya masika yale yale, ng'ambo ya mkondo mmoja wa bahari, na tarehe 25 Mei ni masika huko kama ilivyo masika hapa. Mchezo ulivuka maji ukabaki katika msimu ule ule, ukachezwa ukaisha kwa bao 1 kwa 1. Lau mvua ingekuwa ndiyo mkosaji, Amaan nayo ingekataliwa. Lililoamua lilikuwa ni ardhi: namna ilivyotengenezwa, namna inavyotoa maji, na namna inavyotunzwa. Taifa lililoilaumu mvua siku ile lilijikosesha nafasi ya kuulizana juu ya mifereji iliyo chini ya majani.

Nageukia sasa hoja ambayo wapinzani wangu huiona kuwa ngome yao: kwamba mpira wa kweli ni wa uwanja mkavu, na kwamba unaochezwa mvuani ni bahati nasibu. Hoja hii haijui ulikozaliwa mchezo wenyewe. Kandanda iliandikiwa sheria London mwaka 1863, na Waingereza waliupanga msimu wake katika miezi ya baridi, manyunyu na matope, wakaiachia kriketi majira ya jua. Sheria mpaka leo inasema mpira uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Utapima uzito gani unapokwisha, haisemi, na zama za mpira wa ngozi uliokuwa ukinywa maji ulikuwa ukimaliza mchezo mzito kuliko ulivyouanza, na hakuna aliyedai kwamba mchezo umebatilika. Huu mpira tulioletewa ni mtoto wa mvua. Uwanja mkavu, uliokatwa majani sawasawa na kung'aa chini ya taa, tumeuzoea machoni kwa njia ya televisheni, na tumeufanya mizani ya kupimia viwanja vyetu.

Wala si viwanja vya vijijini tu vilivyoshuhudia mambo makubwa mvuani. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 mjini Bern ilichezwa mvua ikinyesha. Wahungaria, ambao dunia nzima iliwajua kuwa bora, walikwisha kufunga mabao 2 kabla ya dakika ya kumi. Wajerumani wakarudisha yote mawili, na mwisho wakashinda 3 kwa 2. Siku ile Wajerumani walivaa njumu ambazo vyuma vyake vya chini viliweza kufunguliwa na kubadilishwa kulingana na uwanja, kazi ya mikono ya fundi wao Adi Dassler: watu waliotazamia mvua wakajiandaa kwayo. Na nahodha wao, Fritz Walter, alikuwa amepata malaria vitani, akawa hapatani na joto na kucheza vyema zaidi siku za mvua, hata Wajerumani wakaiita hali ya hewa ya namna hiyo kwa jina lake. Mtu wa delta anaposoma habari ya mgonjwa wa malaria aliyelinyanyua kombe la dunia chini ya mvua, haimwii ngeni hata kidogo.

Wapinzani wangu watajibu kwa Frankfurt, nami sitawazuia, kwa maana Frankfurt ndiyo hoja yao bora kuliko zote. Tarehe 3 Julai 1974, Ujerumani Magharibi na Polandi zilikutana kugombea kuingia fainali. Tufani ya mvua iliupiga uwanja kabla ya mchezo. Wazima moto waliingia na pampu, zikasukumwa rola nzito za kukamua majani, mchezo ukachelewa, na ulipoanza maji yalikuwa bado yametuama sehemu nyingi. Polandi ilikuwa na mawinga wepesi, Lato na Gadocha, ambao mbio zao zilihitaji mpira unaokwenda, lakini mpira haukwenda. Wajerumani, ambao sare iliwatosha, walishinda kwa bao 1 la Gerd Müller. Wapolandi wamesikitika tangu siku ile, na mwenye insafu hawezi kuwaambia kwamba hawana haki ya kusikitika. Tuseme basi kwamba maji yaliipunguzia Polandi silaha. Jua la mchana nalo halipunguzi silaha ya mtu? Upepo je? Timu ya pwani inapopanda kwenda kucheza Mbeya, baridi na wembamba wa hewa havimpunguzii mtu pumzi? Hakuna mchezo uliochezwa nje ya hali fulani ya hewa. Tumezoea tu kuiita moja ya hali hizo kuwa haki na nyingine kuwa dhuluma. Na katika maji yale yale ya Frankfurt mlinda mlango wa Polandi, Tomaszewski, aliupangua mkwaju wa penalti wa Hoeneß, na Maier wa Ujerumani akaokoa mabao ambayo mpaka leo husimuliwa. Ufundi haukuzama siku ile. Kilichozama ni aina moja ya ufundi, ikaibuka nyingine. Siku chache baadaye Polandi iliifunga Brazil 1 kwa 0 ikashika nafasi ya tatu, na Lato akawa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7. Mvua haikumwondolea mtu heshima yake.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba nchi zilizoendelea hazina mchezo na hali mbaya ya hewa, na kwamba sisi tunaocheza katika matope tunaonyesha tulivyobaki nyuma. Wanaosema hivyo wangeitazama Marekani, nchi ambayo hakuna anayeishutumu kwa ukosefu wa mali. Huko kuna mpira wao wa Kimarekani, ule wa tufe refu lililochongoka pande mbili, unaobebwa kwa mikono na kugombewa kwa mabega. Na katika mchezo huo theluji, mvua na baridi si sababu ya kuwarudisha watu nyumbani. Tarehe 31 Disemba 1967, katika mji mdogo wa Green Bay, timu ya Packers iliwakaribisha Dallas Cowboys kugombea ubingwa katika baridi ya nyuzi karibu 25 chini ya sifuri. Mitambo iliyowekwa chini ya uwanja kuupasha moto ilishindwa kazi. Filimbi za waamuzi ziligandia midomoni, wakauendesha mchezo kwa sauti zao. Wachezaji kadhaa walijeruhiwa na baridi vidoleni. Na watu wapatao 50,000 walikaa vitini hadi Packers walipopata ushindi wa 21 kwa 17 zikiwa zimesalia sekunde chache. Sitaki tuige hatari ya baridi ile, ambayo mwilini ni adui wa namna nyingine kabisa. Nataka tuone tu kwamba utajiri haukuwafanya Wamarekani waichukie hali ya hewa ya nchi yao. Waliifanya sehemu ya tarehe yao, na mchezo ule unasimuliwa kuliko michezo elfu iliyochezwa katika siku za jua. Sisi, ambao mvua yetu ni ya vuguvugu na haigandishi kitu, tunaikimbia.

Hoja ya afya naiheshimu, kwa sababu aghalabu husemwa na akina mama, na mama anayemwita mwanawe atoke mvuani hana nia nyingine ila mapenzi. Husema kwamba mvua huleta homa. Lakini homa ya malaria haitoki katika matone ya mvua. Hutoka kwa mbu wa anofelesi, jambo ambalo Ronald Ross aliligundua tangu 1897, na mbu huyo huuma usiku. Mvua huongeza mbu kwa kuacha madimbwi, hilo ni kweli, na madimbwi hayo huwazalisha mbu sawasawa kwa kijana aliyecheza na kwa kijana asiyecheza. Kijana aliyekimbia mvuani alasiri, akarudi nyumbani kabla ya magharibi, akajifuta, akavaa nguo kavu, akalala ndani ya chandarua, yumo katika amani kubwa kuliko mwenzake aliyejificha mvua, akakaa hadi saa nne za usiku katika banda la kuonyeshea mpira huku vifundo vya miguu yake vi wazi gizani. Na tuwe wakweli: huko bandani ndiko tunakowapeleka vijana wetu tunapoufunga uwanja. Hatari ya maji ambayo mama anapaswa kuiogopa ni ile ya maji yaliyosimama na ya mto: kichocho, kipindupindu wakati vyoo vinapofurika, na mamba ambao mafuriko huwasogeza karibu na makazi. Mtoto asicheze katika maji ya mafuriko, hata yakiwa ya kufika kifundoni tu, hata jua likiwaka. Mama akishika hilo, ameshika jambo kubwa.

Nimemtetea mchezaji, mtazamaji naye ana haki ya kutetewa, kwa maana ndiye anayechekwa zaidi. Huambiwa: wewe umesimama hapa unalowa kwa ajili ya timu ya kijiji, ilhali kwa shilingi chache ungekaa bandani ukaziona timu za Ulaya bila tone kukugusa. Ni mara ngapi mvua kubwa imenyesha na king'amuzi kikapoteza mawimbi, picha ikaganda, au umeme ukakatika kabisa, na watu wakabaki wanautazama ukuta? Aliyeukimbia uwanja kwa sababu ya mvua amefuatwa na mvua hadi kwenye kiti chake. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kutazama mpira wa mvuani ni elimu ambayo banda haliwezi kuitoa. Siku ya jua macho hufuata mpira. Siku ya mvua macho hulazimika kufuata akili. Utamwona kiungo aliyekwisha kujua, kabla ya dakika ya kumi, ni sehemu gani za uwanja zinazozuia mpira na ni zipi zinazouharakisha, akaacha kupiga pasi za chini upande wa kushoto na kuanza kuuinua mpira huko. Utamwona mlinda mlango akikataa kuudaka mpira unaoteleza, akaupangua kwa ngumi. Utamwona mshambuliaji wa umbo dogo, ambaye kiangazi hulemewa, akigeuka haraka mbele ya beki mrefu ambaye miguu yake haishiki. Wachezaji ambao nimewastahi kuliko wengine wote katika viwanja vya Kibiti na Ikwiriri ni wale niliowatazama siku za namna hiyo, kwa kuwa siku ya mvua hakuna anayeweza kucheza kwa mazoea.

Tena mtazamaji hubaki hata pasipo la kutazama. Mjini Chicago, tarehe 31 Disemba 1988, ukungu ulitoka ziwani ukaufunika uwanja mzima wakati Bears na Eagles wanacheza mpira ule wa Kimarekani, hata watazamaji hawakuweza kuuona mchezo vizuri. Mchezo uliendelea hadi mwisho, Bears wakashinda 20 kwa 12. Watu wale walibaki kwa ajili ya nini, kama macho yao hayakuwa na kazi? Walibaki kwa sababu timu ni yao, na kuwapo ni sehemu ya umiliki. Ndivyo ilivyo hapa. Timu ya kijiji haina mfadhili wala mkataba wa televisheni. Ina watu waliosimama kandokando ya mstari, na mama anayeuza mihogo ya kukaanga na kashata, na mzee mwenye birika la kahawa. Mchezo ukivunjwa kwa sababu ya manyunyu, mihogo ya mama yule imekwisha kumenywa na mafuta yamekwisha kununuliwa. Mara nyingi nimeona uamuzi wa kuvunja mchezo ukipitishwa na watu waliokuwa chini ya paa, na gharama yake ikalipwa na asiyeulizwa.

Liko jambo moja ambalo juu yake sitaki mjadala, nalo ni radi. Mwaka 1998 ziliandikwa habari kutoka Kasai, Kongo, kwamba radi iliua wachezaji 11 katika mchezo mmoja. Wamarekani wenyewe, ambao theluji haiwatoi uwanjani, wakiona umeme huondoka, wachezaji na watazamaji pamoja, na hawarejei mpaka zipite dakika 30. Kanuni inayofundishwa ni nyepesi, na kila mwamuzi wa mchangani aweza kuishika bila chombo chochote: ukiona mmweko, anza kuhesabu sekunde, ngurumo ikisikika kabla hujafika 30, simamisha mchezo, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Na watu wasikimbilie chini ya mwembe au mkorosho uliosimama peke yake, jambo ambalo ndilo hasa tunalolifanya, bali waingie katika nyumba imara au ndani ya gari. Ni ajabu na ni huzuni kwamba viwanjani kwetu watu hutawanyika kwa mvua isiyo na madhara, kisha wakakusanyika chini ya mti ambao ndio wenye madhara.

Basi ninachowaomba wenye kusimamia michezo katika wilaya zetu mbili, Rufiji na Kibiti, si kwamba waifumbie macho hali ya hewa, bali waihukumu palipo na mchezo. Sheria imempa mwamuzi mamlaka ya kuusimamisha na kuuvunja mchezo; ayatumie akiwa ameukanyaga uwanja, kwa kuutembea wote saa tisa alasiri na kuudondosha mpira kutoka usawa wa bega katika pembe zote na katikati: ukidunda, watu wacheze; ukifia majini, wangoje au waahirishe. Viwanja vya mfinyanzi vifungwe Machi hadi Mei kwa tangazo la mapema. Viwanja vya kichanga vya Kibiti na Bungu viachwe wazi. Michezo ya visiwa vya delta ipangwe kwa kufuata kupwa na kujaa, na isiwekwe siku za bamvua ambapo timu ngeni haina hakika ya kurejea kwao kabla ya usiku. Na timu ya bondeni ambayo uwanja wake umo majini isiandikiwe kushindwa kwa sababu haikuweza kuandaa mchezo nyumbani. Ipewe uwanja wa mwinuko ulio jirani, icheze hapo kama mwenyeji, na mapato ya siku hiyo yawe yake, mpaka maji yatakapoondoka na mlau upandwe.